Shedda Isiyovulika

"Ghizlane, uko peke yako?"

"Niko na Mama, tunatunga lulu. Kuna nini?"

"Toka hapo. Nenda uani."

Binamu yangu Wassila hana kawaida ya kunipangia pa kusimama. Akipiga simu huanza kwa kucheka, halafu ndipo anatafuta cha kuchekea. Siku hiyo hakucheka. Nikaweka sinia la lulu chini, nikamwambia Mama nakwenda kumwagilia mnanaa, nikatoka.

"Haya, niko uani. Sema."

"Nimekutumia picha. Usipige kelele."

"Picha ya nini?"

"Fungua kwanza."

Nikafungua. Ilikuwa picha ya mchezo wa kompyuta, ule ninaoucheza tangu sekondari, wenye mapanga na majini na misitu ya ukungu. Mwanamke amesimama mlangoni mwa kilabu cha pombe. Kichwani ana kofia ndefu ya dhahabu kama wanazovaa mabibi harusi wetu wa Tlemcen. Mabegani ana kaftani ya mahameli iliyotariziwa, ya shedda, vazi letu la harusi. Kaftani imeachwa wazi, na ndani yake hakuna kitu. Hakuna blauzi, hakuna kitambaa cha kiunoni, hakuna hata kidani kimoja. Kisha nikautazama uso.

"Ghizlane? Upo?"

"Nipo."

"Ni wewe huyo?"

"Ni sura yangu."

"Na hizo nguo?"

"Ni shedda ya Mama."

"Sasa nani kakuvua?"

Nilimuuliza ameipata wapi. Akasema ameipata kwa shemeji yake, naye kaipata kwenye kundi la vijana wanaocheza mchezo huo, na chini yake mtu ameandika: *Binti wa yule mvalishaji wa nyuma ya Msikiti Mkuu.* Ilikuwa tarehe kumi na nne. Fatiha ya ndoa yangu na mchumba wangu Ghouti ilikuwa isomwe baada ya siku kumi na nane.

Nikampigia Ghouti. Alipokea kabla simu haijalia mara ya pili.

"Roho yangu! Nilikuwa nakuwaza sasa hivi."

"Ghouti, kuna picha."

Ukimya wake ulikuwa mrefu kuliko wa mtu asiyejua linalosemwa.

"Picha gani?" akauliza.

"Unajua picha gani."

"Aa, hiyo. Ghizlane, usijali, kuna mtu kavunja faili langu. Wapo wahuni mtandaoni, hawana kazi. Nitaripoti itolewe."

"Amelivunjaje? Si uliniambia umeshona yote kuwa vazi moja?"

"Wana mbinu zao. Niachie mimi."

Nikamwachia. Nilitaka sana kumwamini, na mtu anayetaka sana kuamini haulizi swali la tatu.

* * *

Nieleze kidogo, maana si kila mtu anaujua mchezo huo.

Kule kila mpiganaji huvaa mara mbili. Ndani huvaa deraya ya chuma au ngozi, ndiyo inayomkinga na panga. Juu yake huvaa vazi la sura, ambalo halizuii hata mwiba, ila ndilo wenzake wanaloliona. Wapo wachezaji wasioridhika na nguo walizopewa na wenye mchezo. Hao huzishona zao kwa kompyuta na kuwagawia wengine bure. Ghouti alikuwa mmoja wa mafundi hao, na jina lake lilijulikana hadi nchi ambazo hajawahi kufika.

Tatizo kubwa la kazi hiyo ni tabaka. Ukivalisha vazi juu ya vazi, la ndani hutokeza nje. Goti linachomoza kwenye joho, kiwiko kinapasua mkono wa kanzu. Nilimjua kwa sababu hiyo. Alikuwa ametoa kaftani ya kike, nami nikaandika chini yake bila kumjua ni nani:

*Kaka, kaftani yako imetobolewa na koti begani. Mwanamke gani anaanza kuvaa koti kabla ya kaftani?*

*Wewe ni fundi?*

*Mimi ni binti wa mvalishaji wa mabibi harusi.*

*Wa wapi?*

*Tlemcen.*

Halafu:

*Usinitanie. Mimi niko Bab Zir, mji huo huo.*

Ilionekana kwamba miaka sita alikuwa akipita mbele ya mlango wetu kwenda kununua mkate.

Alianza kuja na kompyuta yake mpakato chini ya kwapa. Mama alikuwa akimpa kahawa na vile vibiskuti vyetu vya mviringo, huku mimi nikimwonyesha mpangilio: blauzi ya nyuzi za dhahabu kwanza, kitambaa cha kiunoni, kisha kaftani, kisha lulu safu juu ya safu mpaka kifua kisionekane, kofia, taji juu ya taji. Alikuwa anapima kwa macho na kuandika.

"Lalla Zoubida," alimuuliza Mama siku moja, "mbona ni vingi hivi? Bibi harusi si atazimia?"

"Siku hiyo macho yote ya mji yako kwake, mwanangu. Mazuri na mabaya. Kila kimoja hapo kinazuia jicho."

"Kumbe ni deraya!"

"Mimi deraya siijui. Najua inamwelemea, na ndivyo inavyotakiwa."

Ghouti alinitazama juu ya kikombe chake. Nadhani hapo ndipo nilipompenda, kwa namna alivyofurahi kuelewa kitu.

Aliamua kuishona shedda nzima ndani ya mchezo, iwe deraya na vazi la sura kwa pamoja. Ilimchukua miezi saba. Wakati huo alikuwa amekwisha kunivisha pete. Siku moja tukiwa juu kwenye uwanda wa Lalla Setti, tunatafuna mbegu za alizeti na mji wote uko chini yetu, akaniambia:

"Nataka mvaaji wake awe na sura yako."

"Ya nini? Wako warembo wengi kwenye kompyuta yako."

"Hawajui kuivaa. Wanasimama kama vijiti. Wewe ukipita na sinia tu, mtu anajua una kitu kizito kichwani."

"Hiyo ni sifa au tusi?"

"Ghizlane, nakuomba."

Nilitupa maganda, nikafikiri.

"Kwa sharti moja. Za ndani zisivulike. Zishone zote ziwe vazi moja."

"Wachezaji watalalamika. Wao wanapenda kuchukua hiki, kuacha kile, kuchanganya na buti zao..."

"Walalamike. Wakichukua uso wangu, wauchukue na nguo zake."

"Naapa kwa..."

"Usiape. Shona."

Akashona. Ilipotoka, watu waliishangilia kutoka kila pembe. Ghouti alimletea Mama aone. Mama akavaa miwani, akamtazama mwanamke mwenye sura ya bintiye akimkata jini kichwa kwa upanga.

"Huyu anashikaje upanga na hina haijakauka?"

Tulicheka hadi Ghouti akamwaga kahawa yake.

* * *

Mambo hayo yote niliyakumbuka uani, simu ikiwa bado mkononi. Nilikuwa nimetaka kumwamini, lakini mimi ni mtu wa kazi hiyo pia. Vazi lililoshonwa moja halivuliki kirahisi. Atakayelipasua huacha matundu, na mwili wa ndani haupo, maana fundi hauweki mwili mahali usipoonekana. Katika picha ile hapakuwa na tundu hata moja. Mwili ulikuwepo.

Nikaingia kwenye ukurasa wa Ghouti, mahali anapoweka kazi zake. Sikuwa nimefika pale kwa wiki mbili, tulikuwa na msimu wa harusi. Maneno ya juu yalikuwa yake mwenyewe:

*Shedda ya Tlemcen, toleo la pili, tarehe tatu. Sasa kila tabaka linavulika peke yake na mwili umekamilishwa. Mmeomba sana, nimewasikia.*

Chini yake kulikuwa na shukrani mia nne na kitu. Nikashuka nazo moja moja. Tarehe tano, mtu asiye na jina aliweka picha ile ile. Na chini ya picha, siku ile ile, lilikuwepo jibu la Ghouti:

*Asante kwa kujaribu. Naona bega la kushoto limetoboa kaftani. Nitalirekebisha.*

Nilisoma mara tatu. Nilifikiri labda kuna sentensi nyingine baada ya hiyo. Haikuwepo.

Nikamwandikia:

*Nimeona ukurasa.*

*Ghizlane nisikilize*

*Uliniambia kuna mtu kavunja faili.*

*Niliogopa. Naomba nije tuongee*

*Na bega umerekebisha?*

Aliona. Nukta tatu zilitokea, zikapotea, zikatokea tena. Nikazima simu.

Kesho yake Mama alikwenda kuoga hamamu kama kawaida yake ya Jumanne. Alirudi mapema, taulo limefungwa vizuri, uso mkavu.

"Mama, wamesema nini huko?"

"Wamesema maji ya leo yalikuwa ya moto."

"Mama."

"Keti, binti yangu. Walipoingia waliniamkia, walipokaa wakanyamaza. Miaka thelathini na mbili naingia hamamu ile, sijawahi kusikia maji yakidondoka." Akafungua taulo, akalianika polepole. "Na mama mkwe wako kapiga simu. Wanakuja Alhamisi."

"Sitaki."

"Wanakuja. Mtu akigonga mlango wetu, tunafungua. Ukishafungua, utasema unachotaka."

* * *

Alhamisi baada ya adhuhuri waliingia. Ghouti alikuwa amenyoa. Mama yake, Bi Fadela, alibeba boksi la keki na hakujua aliweke wapi. Ni mwanamke mwema, na hajawahi kugusa kompyuta. Alinikumbatia, akaanza kulia kabla hajakaa.

"Binti yangu, huyu mpumbavu kafanya nini? Ananieleza nguo, tabaka, faili, mimi sielewi. Naelewa tu kwamba umeacha kula."

"Nakula, Khalti," nikasema, kama ninavyomwita siku zote.

"Uongo. Tazama hiyo shingo."

Mama akaleta kahawa. Ghouti hakuigusa. Marehemu baba angekuwepo, angezungumza yeye. Kwa kuwa hayupo, Mama alikaa pembeni akanipa ishara kwa kidevu. Niseme mimi.

"Zungumza, Ghouti," nikamwambia. "Umekuja kuzungumza."

"Nimekosa," akasema. "Nimekosa mara mbili. Kutenganisha zile nguo, na kukudanganya. Sina la kujitetea."

"Una la kujitetea. Liseme, tuone kama lina maana."

Akafuta viganja kwenye suruali.

"Kuna kampuni ya michezo, nje. Walisema wataangalia mafundi ambao kazi zao zinapakuliwa zaidi. Toleo la kwanza lilikuwa limesimama, watu wanasema zuri lakini halichanganyiki na vitu vyao. Nikafikiri, nikilitenganisha litakwenda. Likaenda. Ghizlane, lilikwenda ajabu! Niliona nyumba yetu. Niliona tunaondoka pale kwa mama yangu tuna mlango wetu. Nilifanya kwa ajili yetu."

"Uliniuliza?"

"Ungekataa."

"Basi ulijua jibu langu."

Bi Fadela akampiga kofi la goti. "Mjinga! Mwanamke akishakujibu, mbona unamzunguka kwa nyuma?"

"Yuma, niache," Ghouti akamwambia mama yake.

"Sikuachi. Endelea, binti yangu. Muulize."

"Tarehe tano," nikasema, "mtu aliweka picha yangu pale. Uliiona?"

"Niliiona."

"Uliona nini?"

Sidhani alinuia kunijibu kweli. Nadhani lilimtoka tu, kwa sababu ndivyo alivyo, na ndivyo alivyokuwa siku zote nilizompenda.

"Niliona bega."

"Bega gani, mwanangu?" akauliza Bi Fadela.

Ghouti alikuwa ameinamisha kichwa. Nilimwona masikio yamekuwa mekundu.

"Wallahi, Ghizlane, sikukuona wewe. Ndiyo ukweli. Miezi saba nimeutazama ule uso kwa karibu kiasi cha kuhesabu kope. Ukitazama kitu hivyo, hukioni tena. Nilipoiona ile picha niliona kazi yangu ina kasoro. Baadaye, tarehe sita, saba, ndipo ikanijia kwamba ni wewe. Nikaogopa. Nikasema itapita, watachoka."

"Lakini hawakuchoka."

"Hawakuchoka." Akainua kichwa kwa haraka, akavuta begi lake. "Ila nimerekebisha! Tazama. Jana asubuhi. Nimeondoa toleo la pili lote, nimerudisha la kwanza, limeshonwa, halivuliki. Na uso nimeubadilisha. Si wako tena. Tazama, tafadhali."

Akafungua kompyuta juu ya meza, kando ya kahawa. Mwanamke alisimama katika ukungu, amevaa shedda yetu yote, kila lulu mahali pake. Uso ulikuwa wa mtu nisiyemjua. Mzuri, hauna makosa. Alisimama kama kijiti.

Ilikuwa kazi safi, lazima niseme. Hata begani hapakutoboka.

"Ni nzuri," nikasema.

Nuru ikamrudi usoni. "Kweli?"

"Kweli. Kubadilisha uso kulikuchukua muda gani?"

"Uso?" Alifurahi kuulizwa kitu anachokijua. "Kidogo tu. Ni kuondoa faili moja na kuweka jingine. Dakika kumi."

"Dakika kumi."

"Hata hazifiki, kama..."

Nilimwona anahesabu. Tangu tarehe sita, alipojua kuwa ni mimi, hadi jana asubuhi. Siku baada ya siku, na kila siku ina dakika kumi ngapi ndani yake. Midomo yake ilitikisika kidogo, kama mtoto anayefanya hesabu ya shule. Alipofika mwisho alifunga kompyuta taratibu, akaishika kwa mikono miwili.

"Ghizlane."

"Zote ulikuwa nazo, Ghouti."

"Namba zilikuwa zinapanda. Kila nikifungua, waliopakua walikuwa wameongezeka. Nilisema kesho. Niliogopa nikigusa zitasimama."

"Najua."

"Nipe adhabu yoyote. Nitaacha mchezo. Nitaacha kompyuta, nitauza viatu na mjomba sokoni."

"Sitaki uuze viatu. Wewe ni fundi." Sauti yangu ilianza kukatika, nikaiacha ikatike. "Ungeniambia siku ile ya kwanza, ningekupiga, ningekutukana, ningekulilia, na Ijumaa ile wangesoma Fatiha. Hilo nalijua na litaniuma mpaka nife. Lakini siku nitakayokuwa nyumbani kwako nikiumwa, na wewe una kazi inayokwenda vizuri, utasema kesho."

"Sitasema!"

"Hutajua kwamba umesema."

Nikavua pete. Ilinasa kwenye kifundo, ikabidi nikilambe kidole mbele ya watu kama mtoto. Niliiweka juu ya kompyuta yake iliyofungwa. Bi Fadela aliziba mdomo kwa shungi lake.

"Zoubida," alimwambia Mama, "sema neno. Hawa ni watoto."

Mama alimsogezea kikombe.

"Kunywa kahawa yako, dada yangu, kabla haijapoa. Hatujagombana mimi na wewe."

Akanywa. Alikuwa analia na anakunywa. Ghouti alinyanyuka akaniangalia, na safari hii aliniona. Ndilo lililoniumiza zaidi ya picha. Aliniona vizuri kabisa, kope zote, na mimi nikiwa tayari nimesimama kumfungulia mlango.

"Samahani, Ghizlane."

"Nimekusamehe."

"Kwa hiyo..."

"Nimekusamehe, Ghouti. Nenda salama."

Niliposikia hatua zao zimefika kona ya kichochoro, nilirudi ndani. Mama alikuwa anakusanya vikombe. Kikombe cha Ghouti kilikuwa kimejaa. Alikimwaga kwenye mnanaa.

"Bado unampenda?" akauliza, mgongo ukiwa kwangu.

"Ndiyo, Mama."

"Sana?"

"Sana."

Hakusema nitasahau. Hakusema yuko mwingine. Alifuta meza mara mbili mahali palipokuwa pasafi, akaja akakaa karibu yangu, akaweka kichwa changu kwenye paja lake lenye harufu ya kahawa na nta ya uzi.

"Basi lia sasa, mwanangu. Lia yote. Kesho saa nne tuna bibi harusi kule mtaa wa Agadir, na mtoto wa watu hana kosa."

Nililia hadi adhana ya alasiri. Kisha nikanawa uso, nikaenda kuchagua sindano.